Kutunga Kipande Kifupi cha Roki ya Progresivu kwa Kinanda: Mwongozo Kamili kutoka Lamu

Ukiingia changamoto ya kutunga nyimbo, kitu cha kwanza kukuadimikia ni muda. FAWM, changamoto ya kila Februari iliyoanza mwaka 2004, inataka nyimbo 14 kwa siku 28. Ile ya 50/90 inataka nyimbo 50 kuanzia Julai 4 hadi Oktoba 1. Kila wimbo basi una siku mbili au pungufu, tangu kuwaza hadi kupakia. Sasa tia humo roki ya progresivu, muziki uliochipuka Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, ambao bendi zake kama Yes, Genesis na Emerson, Lake & Palmer hazikuona haya kujaza upande mzima, au karibu mzima, wa sahani ya santuri kwa kipande kimoja. Wapi na wapi?

Inawezekana, tena kwa dakika mbili na ushei, ukishika sharti moja: chagua noti nne tu, kisha kila sehemu ya kipande izaliwe na noti hizo. Wengi huharibu hapa. Wanatia mapigo matano, saba na kumi na moja, kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) ishirini na solo tatu, kisha msikilizaji anatoka hana hata mlio mmoja wa kuimba njiani. Katika mwongozo huu nitatunga kipande kizima mbele yako, noti kwa noti, na hesabu zake. Kichukue ukibadilishe upendavyo.

Mpigaji wa kwetu ana mtaji ambao Mwingereza wa 1970 hakuwa nao. Sikio lako limelelewa na hijazi, ile ngazi ya noti ya taarabu, na mapigo sita ya chakacha. Nusu ya kazi ishafanyika harusini.

Vifaa, na adabu za mji

Kinanda cha vitufe 61, kile kile cha kupigia harusini, kinatosha. Jambo la kwanza ni kuzima ridhimu ya kujiendesha. Ridhimu hizo zimetengenezwa kwa mapigo manne, matatu au sita. Ukiiacha ikuongoze hutafika kwenye saba hata siku moja.

Rekodi kwa waya wa USB au waya wa sauti moja kwa moja, usitegee maikrofoni mbele ya spika. Nyumba za mawe za Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, zina kuta nene za matumbawe, lakini madirisha yako wazi kwa ajili ya joto, na Februari ni kaskazi. Maikrofoni itakuletea punda, injini za boti na fundi anayegonga mlango wa jirani. Ukitumia waya na hedifoni utapiga hata saa sita za usiku bila kumuudhi mtu. Ikiwa Ramadhani imeangukia Februari, kama mwaka 2026, amua mapema: wapo wanaofunika kinanda mwezi mzima na kusubiri changamoto ya Julai, na hilo si la kubishana.

Programu: BandLab ni ya bure na inafanya kazi kwenye simu. LMMS ni ya bure kwenye kompyuta. Reaper inakupa siku 60 za kuijaribu, na hizo zinazidi Februari nzima. Usipoteze jioni ukipakua sauti mpya. Unahitaji sauti tatu tu: ogani, kwaya au nyuzi, na sinthesaiza ya noti moja moja. Hifadhi kazi kila baada ya sehemu, kwa sababu umeme haupigi hodi ukiondoka.

Adhana ikianza, simamisha. Na jambo ambalo nalisema kwa mkazo kuliko yote katika sehemu hii: usirekodi Maulidi wala matari yake ukaenda kuyapachika juu ya gitaa la besi ili kipande kionekane cha Kiswahili. Sauti ya zumari ya bandia iliyomo kwenye kinanda nayo iache. Ulamu wako utasikika kwenye hesabu na kwenye hijazi, pambo halihitajiki.

Hatua ya kwanza: hesabu iingie mdomoni

Roki ya progresivu inapenda mapigo yasiyo sawa. Wengi wanayahesabu kwa namba, "moja mbili tatu nne tano sita saba", na hapo ndipo mikono inapokwama, maana kila namba ina silabi mbili mdomoni ilhali pigo ni moja tu. Hesabu kwa majina ya mahali.

Lamu ina silabi mbili, Shela mbili, Mokowe tatu. Sema "Lamu, Shela, Mokowe" mfululizo bila kupumzika, silabi zote urefu sawa, ukipiga kofi mwanzo wa kila jina. Umepata saba: mbili, mbili, tatu. Ondoa Lamu, sema "Shela, Mokowe", umepata tano. Ukitaka tisa, tia Manda katikati: "Lamu, Manda, Shela, Mokowe".

Angalia jambo moja zuri. Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Kwenye Lamu na Shela mkazo unaangukia pale pale unapopiga kofi, lakini kwenye Mokowe unaangukia "ko", pigo moja baada ya kofi. Kwa hiyo sentensi inachechemea kidogo mwishoni. Usiisahihishe, tutaweka noti kali zaidi hapo hapo.

Saba na tano zimekaa pande mbili za sita ya chakacha. Anayecheza chakacha ana sita kiunoni. Ukimwongezea pigo moja anahisi amevutwa, ukimpunguzia moja anahisi amesukumwa. Kipande chetu kitaishi kwa kuvuta na kusukuma huko, na hesabu ya sita yenyewe haitasikika mahali popote.

Kasi: weka mapigo 126 kwa dakika. Kila pigo hilo kubwa lina mapigo madogo mawili, na silabi moja ni pigo dogo moja, yaani silabi 252 kwa dakika. Kipimo kimoja cha saba, yaani mzunguko mmoja wa majina yote, kinachukua sekunde 1.67 hivi, na vipimo 36 vinajaza dakika. Jizoeze kwanza kwa kasi ya 80. Usiguse kinanda mpaka uweze kusema majina huku ukifanya kitu kingine, hata kumenya vitunguu.

Hatua ya pili: noti nne

Tunakaa kwenye hijazi ya D: D, E flati, F shapu, G, A, B flati, C. Ule mruko mpana kati ya E flati na F shapu ndio kila sikio la pwani linaoutambua papo hapo.

Noti zetu nne ni hizi: D, F shapu, E flati, A.

Kwa nini hizi? D hadi F shapu inapanda kwa furaha kama muziki wa kawaida. Kisha inashuka E flati, na hijazi inajitokeza. Kisha inaruka hadi A, umbali wa nusutoni sita (nusutoni ni hatua ya kitufe kimoja hadi jirani yake, cheupe au cheusi), mruko mkali ambao wapiga roki hii waliupenda kwa kuwa hauna utulivu. Noti nne, tabia tatu. Ukitunga zako, tafuta hilo hilo: hatua moja ya starehe, moja ya kwenu, moja ya kukwaruza. Kisha ziimbe ukiwa mbali na kinanda. Zikikataa kuimbika, zitupe.

Sasa tengeneza watoto wake wawili. Wa kwanza ni kuzisoma kinyumenyume: A, E flati, F shapu, D. Wa pili ni kuzipindua juu chini: kila pale mlio ulipopanda, sasa unashuka kwa umbali ule ule. D inashuka nusutoni nne hadi B flati, inapanda tatu hadi C shapu, inashuka sita hadi G. Tumepata D, B flati, C shapu, G. Hapa utashangaa: C shapu haimo kwenye hijazi yetu. Kupindua tu kumetufungulia mlango wa D maina, na mlango huo tutauingia kwenye sehemu ya polepole. Hukuhitaji kuwaza kodi; noti zenyewe zimekuonyesha.

Hatua ya tatu: ogani na mkono wa kushoto

Chagua sauti ya ogani ya roki. Ogani ya Hammond, iliyotoka mwaka 1935, ina vivuta tisa vya kuchanganyia sauti kwa kila mpangilio. Kama programu yako inavyo, vuta vitatu vya kwanza hadi mwisho na ufunge vilivyobaki. Zima mwitikio wa mguso, kwa sababu Hammond haijui kama umegonga kwa nguvu au polepole. Na ondoa mguu kwenye pedali. Anayetoka kwenye piano husahau hili, na ogani yake inakuwa uji.

Mkono wa kushoto unazipiga noti zetu nne huku D ikirudi katikati yake kila mara:

Lamu: D, F shapu.
Shela: D, E flati.
Mokowe: D, A, D ya juu.

Kidole kidogo kinakaa D, kidole gumba kinachukua A na kunyooka hadi D ya juu. Ona kilichotokea: A, ile noti ya mruko mkali, imeangukia "ko". Mkazo wa lugha na mkazo wa muziki vimekutana bila kulazimishwa. Gonga noti hiyo fupi na kavu.

Piga hivi vipimo 8 peke yake, sekunde 13. Kisha mkono wa kulia uingie na mlio mkuu. Kila kipimo ugawe mara mbili: noti moja inadumu "Lamu Shela", nyingine inadumu "Mokowe". Kipimo cha kwanza ni D kisha F shapu. Cha pili ni E flati kisha A. Vipimo viwili vinavyofuata vinajibu kinyumenyume: A, E flati, F shapu, D. Swali na jibu, kama beti. Rudia mara moja ufikie vipimo 8. Kisha hamisha kila kitu, mikono yote miwili, juu hadi G (mlio unakuwa G, B, A flati, D) kwa vipimo 4, halafu rudi nyumbani D kwa 4 vya mwisho. Jumla 16, sekunde 27 hivi.

Usiongeze pambo lolote hapa. Najua vidole vinawasha.

Hatua ya nne: sehemu ya polepole

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda, na ndiyo inayofanya watu waseme "hii ni progresivu" hata kama hawajui neno hilo.

Miaka ile bendi zisizo na okestra zilitumia Mellotron, kinanda cha Kiingereza cha miaka ya 1960. Chini ya kila kitufe kulikuwa na utepe wenye sauti iliyorekodiwa ya nyuzi, filimbi au kwaya. Ukibonyeza, utepe unapita kwenye kichwa cha kusomea, ukiachia, unarudishwa. Utepe ulikuwa wa sekunde 8 hivi, basi. Ukishika kodi zaidi ya hapo inakatika. Ndiyo maana kodi za Mellotron kwenye roki hiyo hutembea, hazikai. Mpigaji alikuwa akikimbizana na utepe.

Leo kompyuta haina kikomo hicho, lakini nakushauri ukitii. Punguza kasi hadi nusu, mapigo 63 kwa dakika, na uhamie mapigo manne ya kawaida. Kipimo kimoja ni sekunde 3.8, viwili ni 7.6. Kila kodi ishike vipimo viwili, na utakuwa umepona kwa chini ya nusu sekunde. Achia kabisa vidole kabla ya kodi inayofuata, uache mwanya mdogo. Mwanya huo ndio pumzi.

Sauti ya juu ya kodi ni zile noti zilizopinduliwa, D, B flati, C shapu, G, na chini yake:

Kodi ya kwanza: G maina, D ikiwa juu.
Ya pili: E flati meja, B flati juu.
Ya tatu: A meja, C shapu juu.
Ya nne: G maina tena, G juu.

Besi inabaki D wakati wote, hata inapogombana na kodi. E flati meja juu ya D inauma, na ndivyo itakiwavyo. Kutoka E flati hadi A ni ule ule mruko wa nusutoni sita wa mlio mkuu, sasa umevaa kodi nzima. Msikilizaji hatajua kwa nini sehemu hii inaonekana jamaa ya ile ya kwanza, lakini atahisi. Keith Emerson alikuwa na mazoea ya kuchomeka visu kati ya vitufe vya ogani ili noti iendelee kulia mikono ikiwa kwingine. Wewe rekodi D kwenye njia yake peke yake, uviache visu jikoni.

Kama sauti ya kwaya ya kinanda chako ni safi mno, shusha na pandisha mlio wake kidogo sana, polepole, kwa gurudumu la mlio. Tepe za zamani hazikuwahi kutulia. Jumla ya sehemu ni vipimo 8, sekunde 30 na nusu. Hapa usitie ngoma yoyote.

Hatua ya tano: solo ya noti moja moja

Rudi kasi ya 126, sasa kwa tano: "Shela, Mokowe". Mkono wa kushoto unaondoa Lamu na kubaki na kilichobaki: D, E flati, D, A, D ya juu. Hakuna cha kujifunza upya, ila baada ya sehemu ya polepole itasikika kama mtu amekusukuma mgongoni.

Minimoog, iliyotoka mwaka 1970, hutoa noti moja tu kwa wakati. Weka sinthesaiza yako hivyo, pamoja na mtelezo mfupi kati ya noti. Vipimo 24 vya tano vinachukua sekunde 28 na nusu. Vigawe mara tatu. Vinane vya kwanza tumia zile noti nne peke yake, kwa mpangilio wowote. Vinane vya pili panda hijazi nzima, mbio unavyoweza. Vinane vya mwisho punguza noti, tumia gurudumu.

Na hapo kwenye gurudumu pana siri ya pwani. Udi hauna vigawanyo shingoni, ndiyo maana mikononi mwa bingwa kama Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, hijazi haikuwa ile ya vitufe vya piano: E flati hupandishwa kidogo, F shapu hushushwa kidogo, mruko ule unabanwa. Kinanda hakiwezi hilo kwa vidole. Basi weka upeo wa gurudumu uwe nusutoni moja badala ya mbili, ili mkono usipitilize, na kila unapokaa juu ya F shapu livute chini kidogo tu. Lifanye kwenye noti ndefu tu. Ukilifanya kila mahali utasikika umepotea mlio.

Hatua ya sita: ngoma, marejeo na mwisho

Ngoma za sehemu ya kwanza ziwe chache: dramu ya mguu mwanzo wa Lamu, wa Shela na wa Mokowe, snea (ngoma ya mlio mkali) kwenye "ko", hai-hati (matasa madogo) kila silabi. Kwenye solo fanya vivyo hivyo kwa majina mawili.

Mlio mkuu unaporudi kwa vipimo 16, ogani na sinthesaiza zikipiga pamoja, fanya hila hii: dramu ya mguu iache majina, ipige kila mapigo madogo mawili, sawasawa kama saa. Kwa kuwa saba haigawanyiki kwa mbili, mguu utaangukia "La" ya kipimo cha kwanza, utaikosa ya cha pili, na kukutana tena na "La" kila baada ya vipimo viwili. Mlio uleule, lakini ardhi imesogea. Hila hii inafaa kuliko kupandisha ufunguo, jambo ambalo kila mtu hulifanya.

Kumalizia, vyombo vyote vipige kwa sauti moja, bila kodi: vipimo viwili vya mlio uliopinduliwa, viwili vya mlio wa asili, kisha kodi ya D meja ishikwe sekunde 8. Kama ogani yako ina spika ya kuzunguka ya Leslie, ibadilishe kutoka mbio kwenda polepole mara tu unaposhika kodi. Jumla ni dakika 2 na sekunde 20.

Kuchanganya na kupakia

Ogani kushoto kidogo, sinthesaiza kulia kidogo, besi na mguu katikati, kwaya pande zote mbili. Punguza sauti za chini za kwaya, la sivyo itapigana na ile D. Mwangwi tia kwenye kwaya na mwisho wa solo tu. Sikiliza mara moja kwa spika ya simu, kwa maana wengi watasikilizia huko. Mkono wa kushoto ukipotea, uongezee sauti ya kati, usiongeze besi.

Jioni ya kwanza imalize hatua ya kwanza hadi ya tatu, ya pili imalize zilizobaki. Ukikwama, kata solo ibaki vipimo 16 na uondoe ile safari ya G. Sehemu ya polepole usiiguse.

Unapopakia, andika kwenye maelezo mapigo uliyotumia na zile noti nne. Washiriki wa changamoto hizi hupenda kufungua mashine wakaangalia ndani, na ukiwaambia wahesabu "Lamu, Shela, Mokowe" utapata maoni kutoka kwa watu wasiojua Mokowe iko upande gani wa bahari. Wajibu, sikiliza vipande vyao viwili vitatu, kisha anza wa pili. Bado kumi na tatu.